Namna ya Kuchagua na Kutumia Peptaidi za Kolajeni Usoni kwa Jua la Mtwara

Mteja wangu wa Mikindani, mama anayeuza samaki ufukweni tangu alfajiri, aliniletea krimu mbili za kolajeni, yaani protini inayoipa ngozi uimara, akitaka kujua ipi ingempunguzia makunyanzi ya pembeni mwa macho. Hatua nilizompitisha ndizo hizi.

Hatua ya kwanza. Piga picha ya uso asubuhi, karibu na dirisha, bila vipodozi wala tabasamu, kisha uitunze.

Hatua ya pili. Soma lebo, na hapa usiharakishe hata kidogo, kwa sababu fedha nyingi hupotelea hapa. Kolajeni nzima ina uzito wa takriban daltoni 300,000 (daltoni ni kipimo cha uzito wa molekuli), ilhali vitu vinavyopenya tabaka la juu la ngozi kwa kawaida havizidi daltoni 500. Kwa hiyo ukiona "Soluble Collagen", elewa kwamba itabaki juu ya ngozi: itashika maji, mistari midogo itafifia kwa saa kadhaa, lakini haitarudisha kolajeni iliyopungua ndani. "Hydrolyzed Collagen" imevunjwavunjwa, ila vipande vyake vingi bado ni vikubwa, hivyo nayo ni kilainishi. Inunue kwa bei ya kilainishi.

Ninayoipendelea mimi ni "Palmitoyl Pentapeptide-4", yaani peptaidi, mnyororo mfupi wa vijenzi vya protini: asidi amino tano zinazofanana na kipande cha kolajeni changa, zilizoungwa na asidi ya mafuta ili zipenye kwa urahisi zaidi. Inaaminika kwamba seli za ngozi hukipokea kipande hicho kama ishara ya kolajeni iliyovunjika, zikachochewa kutengeneza nyingine. Hata hivyo uzito wake ni takriban daltoni 800, hivyo hupenya kwa kiasi tu. Utafiti wa wiki 12 kwa wanawake 93, uliochapishwa mwaka 2005, ulionyesha mikunjo ikipungua kidogo. Nao ulifanywa na watafiti wa kampuni ya vipodozi, jambo ambalo mnunuzi anastahili kulijua.

Wengi hufundishwa kwamba kiambato kilichotajwa mwishoni mwa orodha hakina maana. Kwa peptaidi kanuni hiyo hupotosha: utafiti huo ulitumia sehemu 3 tu kwa kila milioni, na viambato vilivyo chini ya asilimia 1 huruhusiwa kupangwa kwa mfuatano wowote. Kinachopaswa kukutia shaka ni krimu inayotaja kolajeni huku ikiahidi weupe. Ukikuta "Hydroquinone", "Mercury" au "Clobetasol", irudishe dukani. Huo ni mkorogo, na clobetasol, ambayo ni steroidi kali, hupunguza kolajeni na kuifanya ngozi kuwa nyembamba, kinyume kabisa cha ulichokusudia.

Hatua ya tatu. Ijaribu nyuma ya sikio kwa siku chache kabla ya kuipaka usoni.

Hatua ya nne. Osha chumvi na jasho, kisha paka usiku kiasi kidogo usoni na shingoni. Kichupa kisikae dirishani wala kwenye gari.

Hatua ya tano. Jikinge na jua. Bila hatua hii ninakushauri usinunue peptaidi kabisa. Mionzi ya jua huamsha vimeng'enya vinavyokata kolajeni, na huku kwetu, nyuzi 10 kusini mwa Ikweta, jua hupita utosini Februari na tena Oktoba, wakati watu wakiwa mashambani wakiokota korosho. Paka losheni ya kuzuia mionzi yenye SPF (kipimo cha kinga dhidi ya jua) 30 au zaidi, rudia kila baada ya saa mbili, na uvae kofia pana ya ukindu. Katika utafiti wa Nambour, Australia, uliochapishwa mwaka 2013, waliopaka losheni hiyo kila siku hawakuonekana kuzeeka zaidi ngozi kwa miaka minne na nusu.

Hatua ya sita. Baada ya wiki 12 piga picha nyingine mahali palepale, saa ileile. Usipoona tofauti, usinunue kichupa cha pili. Endelea na losheni ya jua, na umwulize daktari wa ngozi kuhusu tretinoini, dawa ya kupaka ya jamii ya vitamini A, ambayo ushahidi wake ni mzito zaidi, ila mjamzito haruhusiwi kuitumia.