Kupaka rangi askari wa vita ya Tanga 1914 (na usimpake mtu nyeusi tii)

Wadau, hizi gemu za vita za mezani, zile za visanamu vidogo, dadu na futi ya kupimia, huku kwetu wachezaji tunahesabika, na hata hao wachache ukiingia kwao unakuta meza imejaa theluji ya Ulaya. Mimi nipo Tanga, uwanja wa vita naupita nikienda sokoni, sasa theluji ya nini jamani. Kwa hiyo nawaelekeza navyotengeneza vita ya Novemba 1914, ile ya Vita Kuu ya Kwanza ambapo Waingereza walileta kikosi cha kutoka India kama watu 8,000, wakashuka Ras Kasone, wakachapwa na Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani, aliyekuwa na watu kama 1,000 tu, wengi wao askari weusi.

Mimi natumia visanamu vya milimita 28, yaani skeli kama ya 1/56, mtu anatoka urefu wa pingili ya juu ya kidole gumba chako. Vya chuma vinatoka nje na nauli inauma, ila siku hizi ukimpata mtu mwenye printa ya 3D anakutolea kwa bei ya kueleweka. Ukishavipata usikimbilie rangi. Vioshe kwanza kwa sabuni ya vyombo na mswaki wa zamani, maana vinakuja na mafuta mafuta ya kiwandani na rangi haishiki. Kisha chukua tupa ndogo, zile wanazotumia masonara, ondoa ule mstari unaopita ubavuni pale vibao viwili vya kalibu vilipokutana, usiposugua leo utauona kila siku baada ya kupaka na utajilaumu. Vya chuma vya zamani vingine vina madini ya risasi ndani, kwa hiyo nawa mikono na usifanye kazi hiyo huku unakula mihogo.

Mikono na bunduki bandika kwa supa glu. Kama kuna pengo, tia supa glu halafu nyunyiza bekingi soda kidogo, inaganda hapo hapo kama jiwe, unasugua na msasa (usiinusie karibu, inatoa moshi unaochoma macho). Kitako natumia washa za chuma za duka la vifaa vya ujenzi, kipenyo cha sentimita mbili na nusu hivi, tundu naliziba na masking tepu. Zina uzito, feni ikiwashwa askari wako hawalali chali.

Praima sasa, yaani rangi ya kutangulia ili nyingine zishike. Wengi wanapuliza nyeusi, mimi napuliza redi oksaidi, ile ya kopo wanayopaka mageti na mabodi ya magari. Ni rahisi, na ile rangi yake ya kahawia nyekundu inakusaidia kwenye ngozi na kwenye kaki vile vile. Kama kisanamu ni cha plastiki, jaribu kwanza kwenye fremu lake, kopo zingine zinayeyusha plastiki.

Haya, ngozi, hapa ndipo nilipotaka tufike. Karibu maelekezo yote utakayoyaona mtandaoni yanakufundisha uso wa Mzungu, ukifika kwa askari mweusi unaambiwa "tumia kahawia" basi yameisha. Askari wangu wa kwanza niliwapaka nyeusi, wakatoka kama sanamu za mpingo, sura haionekani, nikajaribu kuwaokoa kwa kuwaongezea nyeupe kwenye mashavu, wakatoka wamepauka kama watoto waliooga hawakupakwa mafuta. Mke wangu akaniuliza hawa wana ugonjwa gani.

Fanya hivi. Tabaka la kwanza, kahawia iliyokoza matone manne, nyekundu ya udongo tone moja, na bluu ncha ya kijiti tu. Hiyo bluu ndiyo inafanya kivuli kiwe cha ngozi kisiwe cha masizi. Paka uso, mikono na miguu yote. Tabaka la pili, ule ule mchanganyiko bila bluu, ongeza nyekundu ya udongo tone lingine, paka sehemu zilizoinuka, paji la uso, pua, mashavu, vifundo vya vidole. Tabaka la tatu ongeza manjano ya udongo au chungwa kidogo, na hii unagusa tu, ncha ya pua, juu ya shavu, nyusi. Nyeupe usiitie hata kidogo. Jiangalie mkono juani, pale panapong'aa hapageuki kijivu, panageuka shaba. Viganja na nyayo vipe rangi nyepesi zaidi, ni kitu kidogo lakini mtu akiona anasema aah huyu mtu kabisa. Macho mimi siyachori, kwa umbali wa meza kivuli kinatosha, ukiyachora yanatoka yamekodoa kama kaona chatu.

Halafu usiwapake wote rangi moja. Jeshi la Mjerumani lilikuwa na Wanyamwezi, Wasukuma, wazee wa Kisudani waliobaki tangu enzi za nyuma, kwa hiyo katika kumi, watatu wape chungwa zaidi, wawili wakoze.

Sare za hao ni kaki juu mpaka chini, buti, na ile kofia yenye kitambaa cha kufunika shingo na tai wa bati mbele, huyo tai mguse kwa rangi ya fedha tone moja. Kaki nachanganya mwenyewe, manjano ya udongo, nyeupe na kijani kidogo sana, na kila askari watatu nabadilisha kidogo, maana nguo inayofuliwa mtoni na kuanikwa juani haibaki ilivyotoka stoo. Ikikauka, chukua kahawia uichanganye na maji mpaka iwe nyepesi kama chai ya rangi, mwagia kisanamu chote, yenyewe inakwenda kujificha kwenye mikunjo. Kikikauka brashi kavu yenye kaki nyepesi, futa kwanza kwenye kitambaa mpaka uone kama haina kitu, ndipo upitishe juu juu.

Upande wa pili una Wahindi wenye vilemba, Wazungu wa kikosi cha Loyal North Lancashire wenye zile helmeti za jua, na Kashmir Rifles ambao ndio walifika mpaka mjini. KAR (King's African Rifles, askari Waafrika wa Mwingereza) usiwaweke kwenye meza hii, Jenerali Aitken, mkuu wa kikosi cha Waingereza, alipewa ofa ya kwenda nao akaikataa, akaona hawahitaji. Watakufaa ukicheza vita ya Mahiwa 1917, na hao wengi wapake peku, kaptula na miguu mitupu, hapo ndipo ile kazi ya nyayo inalipa.

Na wapagazi msiwasahau. Vita hii ilibebwa kichwani, Kariakoo yenyewe jina lake limetoka kwa hao Carrier Corps. Visanamu vyao ni vichache sokoni, mimi nachukua askari aliyeharibika, nakata bunduki, namviringishia shuka ya karatasi ya tishu iliyolowa gundi nyeupe, kichwani namwekea boksi la kipande cha kadibodi. Dakika ishirini.

Vanishi ni fupi: mati, siyo ya kung'aa, na usipulize masika. Kipimo changu ni kamba ya nguo, kama nguo hazijakauka mpaka jioni basi unyevu ni mwingi na vanishi itaganda nyeupe kama ukungu. Niliharibu watu kumi na wawili siku moja hivyo.

Mandhari sasa, na hapa watu wa Tanga tumependelewa. Nyasi ndefu usinunue, nunua kamba ya katani. Kata vipande vya sentimita moja na nusu, fumua, chovya mwisho mmoja kwenye gundi nyeupe, simamisha kwenye kitako, ikishika tawanya ncha kwa kidole. Rangi yake ya asili tayari ni majani ya kiangazi, ukitaka ya masika ipitishie kijani kwa brashi kavu. Mchanga wa pwani usafishe maji baridi mara mbili tatu kutoa chumvi, uanike, uchekeche.

Minazi: sokota pamoja nyaya tatu za kufungia nondo, zungushia masking tepu nyembamba kutoka chini kwenda juu ikipandana kidogo, zile pindo zinatoa pete pete za shina lenyewe. Mnazi wa mita 20 kwa skeli hii ungefika sentimita 36, utakuwa unaupiga kiwiko kila ukitupa dadu, mimi naishia 20. Makuti nakata kwenye bahasha ya kaki, urefu sentimita nane, waya katikati, halafu mkasi kwa mshazari pande zote mbili, tisa kwa kila mti, mawili yapake kahawia yaning'inie chini.

Mwisho mizinga, na nina maana zote mbili. Mzinga wa vita nilioupenda ni ule wa Königsberg, meli ya kivita ya Wajerumani. Meli ilizamishwa Rufiji Julai 1915, Wajerumani wakaopoa mizinga yake kumi ya sentimita 10.5, wakaiburuza bara. Mmoja upo nje ya Fort Jesus Mombasa, nenda kauone, piga picha kila upande. Ukipiga hesabu, mtutu wake unatoka urefu wa milimita 75, kwa hiyo kata mrija wa wino wa kalamu saizi hiyo, uviringishie karatasi yenye gundi, raundi nyingi nyuma na chache mbele ili unenepe kuelekea nyuma. Magurudumu vifungo vikubwa vya koti. Paka kijivu, halafu gusagusa kwa kipande cha sponji chenye kahawia ya kutu hasa kwenye kingo, kitu kimelala kwenye maji ya chumvi hakiwezi kung'aa. Ila huo ni wa michezo ya baada ya 1915, Tanga haukuwepo.

Tanga ni mzinga wa nyuki. Wale nyuki walitoka kweli katikati ya risasi wakauma pande zote mbili. Kata kijiti kinene cha milimita saba, urefu sentimita mbili, toboa tundu ncha moja, funga kwa uzi kwenye mnazi. Tengeneza minne mitano. Sheria yangu nyumbani ni kwamba bunduki ya rashasha ikifyatuliwa karibu na mti wenye mzinga unatupa dadu, ikitoka moja kila aliye ndani ya sentimita 15 anatimua mbio, awe wa Kaiser wa Ujerumani awe wa Mfalme wa Uingereza, na mwenye gemu haruhusiwi kulalamika.