Hedseti ya simu: jinsi ya kuitumia bila kujihatarisha wala kuwaudhi watu, hatua kwa hatua

Kazi yangu ni kupokea simu za wateja, hedseti naivaa asubuhi naivua jioni, na wapya wakija mimi ndo nakaa nao siku za mwanzo. Haya nayoandika ndo nawaambiaga wao, nimeongezea tu ya gari na ya barabarani. Kitu kimoja naomba ukishike toka sasa hivi: hedseti inaachia mikono tu, akili bado iko kwenye simu, na watu waliokuzunguka hawaoni simu yoyote mkononi mwako. Karibu matatizo yote yanatokea hapo.

Hatua ya 1: Ivae sawasawa kabla hujapiga

Kama ina kile kijiti cha maiki, kiweke pembeni ya mdomo, chini kidogo ya lipsi ya chini, nafasi ya kama vidole viwili kutoka kwenye ngozi. Usikiweke mbele ya mdomo kabisa sababu kila ukitamka "p" au "b" mwenzio anapigwa na upepo sikioni, na pumzi zako anazisikia zote. Kama ni ya waya na maiki iko katikati ya waya, angalia isisugue kola au mkufu, wewe husikii kitu lakini upande wa pili ni mikwaruzo mitupu. Jirekodi nusu dakika kwa programu ya kurekodi sauti halafu jisikilize, utajua kila kitu.

Hatua ya 2: Anza na sauti ndogo

Punguza sauti kwanza ndo uvae, usivae kwanza. Simu inaweza kuingia na mlio mkali na sikio halina pa kukimbilia.

Kwa wale wanaovaa kutwa, Shirika la Afya Duniani (WHO) linasema mtu mzima asizidishe desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki, kwa watoto ni 75. Sasa angalia inavyopanda, maana watu wengi hawajui: kila ukiongeza desibeli 3 nguvu ya sauti inaongezeka maradufu, kwa hiyo ukifika 90 zile saa 40 zinabaki 4 tu kwa wiki nzima. Simu nyingi za saivi zina sehemu kwenye setingi ya kuweka kikomo cha sauti, iweke leo leo. Na kama mtu amekaa karibu yako hapo, anaongea kawaida, na wewe humsikii kabisa sababu ya simu, basi umeshazidisha. Ukivua ukasikia masikio yanavuma, pumzisha, usirudishe hapo hapo.

Hatua ya 3: Jua sauti inatokea wapi

Hii inawaumbua watu sana. Bluetooth ikishaunganishwa mara moja, mara nyingine inajiunga yenyewe, unaingia kwenye gari ukiwa katikati ya maongezi, sauti inahamia kwenye spika za gari na abiria wote wanasikia habari za ugonjwa wa mtu au madeni yake. Kwa hiyo kabla hujapokea tupia jicho kwenye kioo cha simu uone imeandika imeunganishwa na nini. Vifaa usivyovitumia tena vifute kwenye orodha ya Bluetooth, hasa magari ya kuazima. Na kama uko kwenye spika, mwambie aliyekupigia sentensi ya kwanza kabisa: "niko kwenye gari na watu, wanakusikia." Anayo haki ya kujua, usisubiri mpaka ameshasema.

Hatua ya 4: Walio mbele yako ndo wa kwanza

Ukiwa unaongea na hedseti ndogo ya sikioni, mtu anayekuja mbele anaona unamtazama na unasema "habari za siku nyingi", anakuitikia, unampita. Ni aibu kwake na hajakosa kitu. Dawa yake rahisi: ukipokea, shika simu mkononi au gusa sikio lako, na geuza uso pembeni, watu wataelewa mara moja.

Kaunta, dirisha la malipo, mtu anayekuhudumia: vua. Simaanishi usitishe muziki vikiwa bado masikioni, nasema vua kabisa viwe mkononi, maana anayekuhudumia hawezi kujua kama umezima au la, na kuongea na mtu aliyeziba masikio ni kudharauliwa hata kama wewe huna nia hiyo. Kama simu ni ya lazima, rudi nyuma ya foleni umalize. Kwa mzazi wako au mtu mzima aliyekuja kukusalimia hapo hakuna mjadala, vua vyote viwili.

Halafu kelele. Masikio yakizibwa hujisikii vizuri unavyoongea, na pakiwa na kelele sauti inapanda yenyewe bila wewe kutaka. Daktari Mfaransa Étienne Lombard aliliona hilo zaidi ya miaka 100 iliyopita na mpaka leo linaitwa kwa jina lake. Njia nayotumia mimi ni kuacha sikio moja wazi, hapo najisikia na sauti inashuka yenyewe. Hedseti nyingine zina setingi ya kukurudishia sauti yako mwenyewe sikioni, kama yako inayo iwashe.

Na jamani, namba za siri, namba za kadi, zile namba za uthibitisho zinazokuja kwa meseji, msizitaje kwa sauti kwenye basi. Mtu akiwa hana simu mkononi anajisahau, anaongea kama yuko chumbani kwake. Mwambie mwenzio "nitakupigia nikiwa peke yangu", au acha yeye aulize na wewe ujibu ndiyo na hapana.

Hatua ya 5: Unayeongea naye

Usitafune, usiingie nayo chooni, maiki za saivi zinanasa kila kitu. Kama unasikiliza tu na pana kelele, zima maiki, ila usiamini alama tu, jaribu siku moja na rafiki uone kitufe chako kinazima kweli. Ukiongea na mtu wa pembeni mwambie wa kwenye simu "samahani kidogo", asije akadhani unamwambia yeye.

Hatua ya 6: Kwenye gari

Hapa naomba usome polepole. Watu wanaamini wakishavaa hedseti wako salama, na sheria za nchi nyingi zinakataza kushika simu tu, kwa hiyo imani inazidi. Lakini mwaka 1997 watafiti wa Toronto, Donald Redelmeier na Robert Tibshirani, walichukua madereva 699 wenye simu waliokuwa wamegonga, wakalinganisha na rekodi zao za simu. Waliona hatari ya kugonga wakati wa kutumia simu inafika kama mara 4, na waliotumia simu bila kushika hawakuonekana kuwa salama zaidi. Sababu ni kwamba macho yanatazama barabara lakini akili inatengeneza picha ya kile unachoambiwa, unaweza kuangalia taa nyekundu na usiione.

Abiria aliye pembeni ni tofauti, yeye anaona lori linakuja, ananyamaza mwenyewe au anapiga kelele. Wa kwenye simu haoni kitu, anaendelea kukuuliza na wewe unajisikia lazima umjibu.

Kwa hiyo fanya hivi. Kabla gari halijaondoka unganisha Bluetooth, panga sauti, weka simu kwenye kishikio au iache kwenye begi kabisa. Washa ile ya kujibu meseji yenyewe kwamba unaendesha. Ikiita, kwanza angalia barabara: kama uko kwenye mzunguko, makutano, mvua, au watoto wanavuka, iache iite, haina madhara. Ukipokea, sema "naendesha, nakupigia nikisimama", kata. Kupiga wewe mwenyewe ukiwa unaendesha usifanye, kutafuta jina kunatoa macho barabarani, na kwa spidi ya kilomita 60 kwa saa sekunde 5 tu gari limekwenda zaidi ya mita 80. Maneno ya msiba, ugomvi au pesa, paki pembeni pahali salama ndo uongee.

Usivae masikio yote mawili, utakosa honi na king'ora cha ambulansi. Ufaransa toka Julai 2015 dereva haruhusiwi kuvaa kifaa chochote cha sikioni, hata kimoja, na waendesha baiskeli wamo, kwa hiyo ukisafiri ulizia sheria za huko. Kikidondoka chini ya pedali kiache hapo hapo mpaka usimame.

Na wewe unayepiga pia unahusika. Ukisikia mlio wa gari uliza "unaendesha?", akisema ndiyo kata wewe, usimwachie yeye aone aibu.

Hatua ya 7: Kwa miguu na baiskeli

Sikio moja tu, lile lisilo upande wa magari, na ile ya kuzuia kelele za nje izimwe kabisa. Ukifika pa kuvuka simamisha maongezi, vuka, endelea. Magari ya umeme yakienda polepole hayana mlio wa kutosha, macho lazima yafanye kazi. Usiku njia ya peke yako, vua. Karibu na mashine inayozunguka usitumie ya waya kabisa, ikinaswa inakuvuta na kichwa.

Hatua ya 8: Usafi na betri

Futa kila siku kwa kitambaa kikavu, vile vimpira vya sikioni vitoe uvioshe kwa maji na sabuni, vikauke kabisa ndo urudishe. Usiazimane vya kuingia ndani ya sikio, kama kazini mnabadilishana hedseti basi kila mtu awe na sponji zake. Sikio likiwasha au kutoa maji acha kuvaa, nenda ukaangaliwe. Ikilowa jasho usichaji mpaka ikauke, usiongee kwa waya huku simu iko kwenye chaja ya ovyo ukutani, na ukiona kikasha cha kuchajia kimevimba au kinapata moto kisicho cha kawaida usikichaji tena, kipeleke panapopokea betri mbovu, usikitupe na takataka za nyumbani.