Meza ya kutazamia nyota: angalia miguu kwanza

Wenzangu mnaobeba darubini kwenda kutazama nyota nje ya Dodoma mjini, upande wa Hombolo au Chamwino, msinunue meza ya kukunja kwa kuangalia wepesi tu. Kiangazi huku upepo hauna simile, na ardhi ni kichanga chenye mabondemabonde. Tafuteni meza ambayo kila mguu unarefushwa peke yake, na chini pana pa kuning'iniza mfuko wa mchanga wa kilo 3 au 4. Inatulia kabisa.

Uso wake uwe na ukingo. Kama hauna, gundisheni ubao mwembamba pembeni kisha tandikeni kipande cha kanga kuukuu. Lenzi ikibingirika gizani ikaangukia vumbi, usiifute kwa kidole hata kidogo! Zile punje zinakwaruza kioo moja kwa moja, ipulize kwanza.

Urefu ufike kiunoni. Julai, saa tatu unusu usiku, kundi la nyota la Nge liko juu sana angani, na utabadilisha lenzi mara nyingi. Na meza isiguse miguu ya darubini, maana ukiweka kikombe cha chai tu, nyota yote inatikisika.