Jinsi ninavyoandaa ujumbe wa "Leo Katika Historia" kila asubuhi

Kabla ya saa 12 asubuhi natuma ujumbe mmoja kwenye kundi la WhatsApp la mtaa wetu hapa Mwanza: tukio moja la kihistoria, habari moja ya dunia, swali moja la maarifa. Wasomaji wangu ni bodaboda, mama lishe, walimu, na wachuuzi wa dagaa wa Mwaloni Kirumba ambao saa hiyo wameshaanza kazi. Kama nawe unataka kuanzisha wa kundi lako, fanya hivi.

Hatua ya 1: Jaza daftari la tarehe

Nunua daftari nene, kila tarehe uipe nusu ukurasa. Usikimbilie orodha za mtandaoni. Zimejaa siku za kuzaliwa za waigizaji ambao hapa Buzuruga hakuna anayewajua. Anza na ziwa letu, Victoria. 21 Mei 1996, MV Bukoba ilizama ikikaribia Mwanza. 20 Septemba 2018, kivuko cha MV Nyerere kilipinduka karibu na Ukara, wakafa watu 228. 3 Agosti 1858, Speke, msafiri Mwingereza, alifika Mwanza na kulipa ziwa jina la malkia wake, wakati wenyeji walishalivua vizazi na vizazi. Kisha ingiza ya taifa, halafu ya dunia, kama Mandela kutoka gerezani 11 Februari 1990.

Ukurasa wa 29 Februari usiuruke. Mzee Ali Hassan Mwinyi alifariki siku hiyo mwaka 2024. Miaka isiyo na tarehe hiyo mimi humkumbuka tarehe 28, na naandika wazi kwamba siku yenyewe ni 29.

Hatua ya 2: Hakiki tarehe

Hapa ndipo kazi ilipo. Tafuta vyanzo viwili ambavyo havikunakiliana. Sentensi zikifanana neno kwa neno, hicho ni chanzo kimoja.

Ukikuta 5/2/1967, jiulize nani kaandika. Kwetu ni 5 Februari, siku ya Azimio la Arusha. Mmarekani atasoma 2 Mei.

Angalia na saa. Chombo cha Apollo 11 kilitua mwezini 20 Julai 1969, na Wamarekani husema Armstrong alikanyaga mwezi tarehe hiyohiyo. Kwa saa za Afrika Mashariki chombo kilitua saa 5:17 usiku, lakini Armstrong alishuka ngazi saa 11:56 alfajiri, tayari tarehe 21. Mimi huandika zote mbili, maana kuna mwalimu mmoja kwenye kundi haachi kitu.

Na kalenda nazo zina mambo yake: Mapinduzi ya Oktoba ya Urusi ya mwaka 1917 huadhimishwa 7 Novemba, kwa sababu kalenda ya Urusi ya wakati ule ilikuwa nyuma siku 13.

Hatua ya 3: Chagua habari moja

Moja tu. Sikiliza redio mbili tofauti jioni, chukua ile iliyotajwa kote, kisha ongeza mstari mmoja wa kuonyesha inagusaje mfuko wa msomaji. Mafuta yakipanda soko la dunia, usiandike kwamba kesho petroli itapanda. EWURA, mamlaka inayodhibiti bei za mafuta nchini, hutangaza bei kikomo Jumatano ya kwanza ya mwezi, na mafuta yaliyomo kwenye matangi yalinunuliwa kabla. Mwenye mtumbwi wa injini anataka kujua hilo kuliko jina la waziri wa nchi ya mbali.

Picha iliyosambazwa bila tarehe wala mahali, iache.

Hatua ya 4: Tunga swali lenye jibu moja

"Ziwa lipi kubwa zaidi Afrika?" litakuletea ugomvi hadi mchana. Uliza "lipi lina eneo kubwa zaidi?" na jibu ni Victoria, kama kilomita za mraba 68,800. Ukiuliza kina, Tanganyika linashinda kwa mbali: linazidi mita 1,400, letu halizidi sana 80. Jibu litume jioni.

Hatua ya 5: Andika, soma kwa sauti, tuma

Usizidi mistari minane. Wa 21 Mei huwa hivi:

"Leo 21 Mei. Siku kama ya leo mwaka 1996, MV Bukoba ilizama ikitokea Bukoba kupitia Kemondo. Mamia ya ndugu zetu walipoteza maisha. Wengi wamezikwa Igoma. Mungu awarehemu."

Idadi kamili siweki, kwa kuwa takwimu zinazotajwa hazilingani. Siku hiyo pia siweki swali wala vikatuni vya kucheka. Kundini wamo waliofiwa.

Ukirekebishwa na msomaji, weka sahihisho juu kabisa ya ujumbe wa kesho yake, na umtaje aliyekurekebisha kama ameridhia. Asiyeweza kusoma akiwa barabarani, mrekodie sauti isiyozidi dakika moja.