Jinsi ya Kuandaa Ukurasa wa "Siku Kama ya Leo": Mfano wa Tarehe 7 Aprili

Kwa miaka kadhaa sasa nimekuwa nikiandaa ukurasa wa "Siku Kama ya Leo" unaobandikwa kwenye ubao wa maktaba ndogo ya mtaa wetu, Mji wa Kale, Mombasa. Wasomaji wake ni watoto wanaotoka chuoni, kina mama wanaorudi sokoni, na wazee wanaosoma kila mstari na kuniita ninapokosea. Kazi hii huonekana nyepesi, kana kwamba ni kunakili tarehe tu, lakini tarehe moja iliyoandikwa pasipo kuulizwa maswali yanayostahili inaweza kumpotosha msomaji kwa siku nzima au hata tisa. Nitatumia 7 Aprili kutoka mwanzo hadi mwisho, kwa kuwa imekusanya karibu kila tatizo utakalokutana nalo.

Hatua ya 1: Kusanya

Gawa karatasi mafungu matatu: matukio, waliozaliwa na waliofariki. Usiingize jambo lolote mpaka ulione katika maandishi mawili ambayo hayakunakiliana. Kwa 7 Aprili, karatasi yangu ilikuwa na Vasco da Gama kufika Mombasa mwaka 1498, kuundwa kwa Shirika la Afya Duniani mwaka 1948, kuuawa kwa Mzee Abeid Amani Karume mwaka 1972, na mauaji ya kimbari ya Rwanda mwaka 1994. Katika waliozaliwa walikuwamo mmisionari Mkatoliki Francis Xavier (1506), mwimbaji Billie Holiday (1915) na mwigizaji Jackie Chan (1954); katika waliofariki, Henry Ford (1947).

Hatua ya 2: Uliza ni kalenda ipi

Hapa ndipo ninapotumia muda mwingi kuliko mahali pengine popote, na ninakusihi ufanye hivyo. Vasco da Gama alitia nanga nje ya bandari yetu tarehe 7 Aprili 1498, na kumbukumbu ya safari yake inasema kwamba siku hiyo ilikuwa Jumamosi, mkesha wa Jumapili ya Matawi. Fungua kalenda ya simu yako, urudi nyuma hadi Aprili 1498, na huenda ukaambiwa kwamba tarehe 7 ilikuwa Alhamisi. Mwandishi wa safari hakukosea, na hesabu ya simu nayo ni sahihi kwa kalenda yake. Wareno wa wakati huo walifuata kalenda ya Juliasi, ilhali simu nyingi hurudisha nyuma kalenda ya Gregori tunayoitumia leo, ambayo ilianza mwaka 1582 pale Alhamisi ya tarehe 4 Oktoba ilipofuatwa na Ijumaa ya tarehe 15. Katika mwaka 1498 tofauti ya kalenda hizo mbili ilikuwa siku 9, kwa hiyo Jumamosi ile ya Mombasa ni 16 Aprili kwa hesabu yetu.

Je, tukio lihamishiwe tarehe 16? Mimi siliondoi, kwa sababu vitabu vyote vinalitaja tarehe 7, na msomaji atakayelitafuta atalitafuta hapo. Ninachofanya ni kuongeza maneno "kwa kalenda ya Juliasi" kila ninapoandika tukio la Ulaya, au la Wazungu waliofika kwetu, lililotokea kabla ya Oktoba 1582. Kuwa macho pia na Uingereza, ambayo haikubadili kalenda mpaka Septemba 1752, na Urusi, iliyosubiri hadi 1918. Siku ya juma ndiyo kipimo chako bora: ikiwa maandishi ya zamani yanaitaja na hesabu yako inaikataa, chunguza kalenda kabla ya kumlaumu mwandishi.

Hatua ya 3: Uliza siku ilianza saa ngapi

Mzee mmoja wa Kibokoni aliniletea msahafu wa familia yao, ambao ndani ya jalada lake pameandikwa, kwa wino uliokwisha kuwa wa kahawia, kwamba babake alifariki usiku wa Ijumaa baada ya isha, pamoja na tarehe ya hijria. Aliomba marehemu akumbukwe ubaoni. Nikaigeuza tarehe kuwa ya miladi, nikaandika Ijumaa. Asubuhi alinijia akasema kwa upole, "Mwanangu, huo usiku wa Ijumaa, kwenye kalenda yako ya ukutani ni Alhamisi usiku." Nilimwomba radhi, kwani mimi mwenyewe nimelelewa nikijua kwamba siku ya hijria huingia kwa magharibi, na kalenda ya ukutani hugeuka saa sita usiku. Tangu hapo, kila tarehe ya hijria ninayoisoma kwenye kaburi, mlango wa msikiti au karatasi ya familia, natafuta kwanza kama tukio lilikuwa la mchana au la usiku. Nikikosa kujua, naacha tarehe ya hijria kama ilivyo, wala siigeuzi.

Swali hilo hilo linahusu Rwanda. Ndege iliyowachukua Rais Juvénal Habyarimana wa Rwanda na Rais Cyprien Ntaryamira wa Burundi ilitunguliwa Kigali usiku wa tarehe 6 Aprili 1994, na mauaji yakaanza usiku huo huo. Waziri Mkuu Agathe Uwilingiyimana aliuawa asubuhi ya tarehe 7, nayo ndiyo tarehe ya kumbukumbu rasmi. Kwa hiyo kutunguliwa kwa ndege hakuwi chini ya tarehe 7. Andika "usiku wa kuamkia tarehe 7" na kila mtu atakuelewa.

Hatua ya 4: Chagua kitenzi

Shirika la Afya Duniani "lilianzishwa" lini? Katiba yake ilitiwa saini tarehe 22 Julai 1946, lakini ilianza kufanya kazi tarehe 7 Aprili 1948, na ndiyo maana Siku ya Afya Duniani huadhimishwa tarehe hiyo. Andika "katiba yake ilianza kufanya kazi", hata kama sentensi itarefuka. Vivyo hivyo, Mzee Karume, Rais wa kwanza wa Zanzibar, hakufariki tu: alipigwa risasi na kuuawa Kisiwandui, Unguja, katika makao makuu ya chama cha Afro-Shirazi.

Hatua ya 5: Punguza

Majina ya waliozaliwa ni rahisi kupata na ni rahisi kuzidi. Mimi huweka matatu tu. Francis Xavier hubaki, kwani alipita Malindi mwaka 1542 akielekea Goa. Jackie Chan hubaki kwa ajili ya vijana wanaomfahamu tangu utotoni.

Hatua ya 6: Panga na ubandike

Mambo mazito yapewe nafasi yake. Rwanda na Karume huwa peke yao juu ya ukurasa, wala siwezi kukubali jina la mwigizaji kukaa mstari mmoja chini ya mauaji ya kimbari. Linalofuata ni tukio la Mombasa, nalo huliandika hivi:

"1498: Vasco da Gama alitia nanga nje ya bandari ya Mombasa, siku ya Jumamosi (kwa kalenda ya Juliasi). Mfalme wa Mombasa alimpelekea kondoo, machungwa, ndimu na miwa. Wiki moja baadaye, meli zake zilikuwa Malindi."

Ubandike jioni ya tarehe 6 kabla ya adhana ya magharibi, na chini uache nafasi ya vidole vitatu, pamoja na kalamu iliyofungwa kwa uzi, kwa ajili ya msomaji atakayekuja na sahihisho.