Kabla hujajaza kozi ya chuo cha nje: kwa mhitimu wa kidato cha sita Kigoma

Vijana wengi hapa Kigoma wanaotaka kusoma nje huanza na jina la chuo, kozi wakaitafuta dirisha la maombi likikaribia kufungwa. Anza na kozi. Uingereza huombi chuo kwa ujumla, unaomba kozi ndani ya chuo, na Oxford na Cambridge wanaokusaili ni wahadhiri wa somo hilohilo. Marekani ni tofauti: Harvard au Yale wanakupokea kwanza, fani unaichagua ukiwa mwaka wa pili. Kama bado unayumba kati ya uchumi na baiolojia, hilo tu linakuonyesha uelekeze maombi nchi gani. Anayetaka udaktari ajue kuwa Marekani kozi hiyo husomwa baada ya kumaliza shahada ya kwanza.

Kisha tahasusi yako, na hapa naomba utulie. Fungua ukurasa wa kozi, shuka hadi masharti ya kujiunga, soma somo moja moja. Uchumi wa Cambridge unataka Hisabati ya ngazi ya juu. Wa EGM (uchumi, jiografia, hisabati) anayo. Wa HGE (historia, jiografia, uchumi) ana BAM, yaani hisabati ya msingi, nayo BAM ni somo la ziada tu. Mtu wa PCB (fizikia, kemia, baiolojia) anayetaka uhandisi yumo katika shida hiyohiyo: fizikia anayo, hisabati kamili hana. Inauma sana mtoto mwenye wani ya pointi tatu kukwama kwa jambo ambalo angelijua kwa kusoma nusu ukurasa. Waulize pia, kwa barua pepe, kama cheti cha NECTA wanakipokea moja kwa moja au watakutaka usome mwaka wa maandalizi kwanza.

Jina la kozi nalo lisikudanganye. Chukulia binti wa Kibirizi aliyekua akiona dagaa wakianikwa, sasa anataka kusomea ziwa. Akiona baiolojia ya bahari atadhani amefika, kumbe huenda masomo mengi yakawa ya matumbawe na maji chumvi, ilhali Tanganyika ni ziwa la maji baridi. Asome orodha ya masomo ya mwaka wa kwanza hadi wa mwisho, atafute ikolojia ya maziwa na mito. Na kabla ya hapo aende TAFIRI, taasisi ya utafiti wa uvuvi, wana kituo hapahapa Kigoma, awaulize watafiti walisomea nini. Kwenda kuuliza hakuhitaji nauli ya ndege.

Kalenda: Oxford na Cambridge hufunga maombi 15 Oktoba kwa wanaoanza mwaka unaofuata, na huruhusiwi kuomba vyote viwili mwaka mmoja. Kupitia UCAS, mfumo wa kuombea vyuo vya Uingereza, una nafasi tano, ila kozi ya udaktari ni nne. Matokeo yetu hutoka Julai, wengine bado wako JKT, kwa hiyo uchaguzi wa kozi ufanyike kabla ya kuingia kambini. Kozi yenye mtihani wa kujiunga, kama UCAT kwa udaktari, angalia mapema kituo kilipo, uhesabu na nauli.

Mwisho, shahada hiyo itakufanyia nini ukirudi? TCU, Tume ya Vyuo Vikuu, ndiyo inayotambua shahada za nje, lakini mhandisi atahitaji pia kusajiliwa na ERB, bodi ya usajili wa wahandisi, na daktari na Baraza la Madaktari Tanganyika. Waandikie ukiwa na jina kamili la kozi na la chuo, kabla hujalipa ada ya maombi.