Laptopu ina intaneti, ya mezani haina: anza kwa kusoma namba

Nyumbani kwetu Tanga tuna kompyuta mbili za Windows 10. Laptopu yangu inavuta intaneti kwenye simu. Ya mezani, anayosomea mpwa wangu, haina Wi-Fi, kwa hiyo inagawiwa na laptopu kupitia waya uliopita nyuma ya kabati la vyombo. Kila umeme ulipokatika na kurudi, nilisikia kutoka sebuleni: "Mjomba, intaneti imekufa tena!"

Ikikutokea, nakuomba usianze kubadilisha mipangilio. Kaa kwenye ile isiyo na intaneti, bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika cmd, kisha ndani ya dirisha jeusi andika ipconfig. Tafuta mstari wa IPv4, yaani anwani ya kompyuta kwenye mtandao. Namba iliyopo hapo ndiyo itakayokuambia pa kushika.

Ikianza na 169.254, maana yake kompyuta iliomba namba, haikujibiwa, ikajipa yenyewe. Kwanza angalia tundu la waya: taa haziwaki? Chomoa, uchomeke tena mpaka usikie "ta". Kile kiulimi cha plastiki kikivunjika, waya hulegea hata kwa kuguswa na ufagio. Wetu ulikuwa hivyo, nikabadilisha kichwa.

Taa zikiwaka na namba bado ni ile ile, nenda kwenye laptopu. Windows na R tena, andika ncpa.cpl. Hapa ndipo wengi wanapopotea: unabofya kitufe cha kulia juu ya muunganisho unaopokea intaneti, yaani Wi-Fi, siyo ule wa waya. Ingia Properties, halafu Sharing. Hata ukikuta tiki ipo, iondoe, bonyeza OK, rudi uiweke upya, na ukiulizwa wa kugawiwa chagua Ethernet. Kwenye ya mezani andika ipconfig /renew. Namba ikija 192.168.137 na kitu, laptopu imeanza kugawa.

Kwa nini tiki ipo na kazi haifanyiki? Kwenye Windows 10, huduma ya kugawa intaneti hujizima isipopitiwa na kitu kwa dakika 4, na haiamki yenyewe. Umeme ukikatika, laptopu inaendelea na betri yake lakini ya mezani imezimika. Dakika 4 zikapita, basi. Dawa ya kudumu iko sehemu mbili, na zote zinahitajika. Fungua services.msc, tafuta Internet Connection Sharing, weka Automatic. Kisha fungua regedit, hifadhi ya mipangilio ya ndani ya Windows, nenda HKEY_LOCAL_MACHINE\SOFTWARE\Microsoft\Windows\CurrentVersion\SharedAccess, tengeneza DWORD (aina ya thamani ya namba) iitwayo EnableRebootPersistConnection, uipe thamani 1. Humo usiguse kingine chochote. Zima laptopu na uiwashe.

Ukikuta namba ya aina nyingine kabisa, mfano 192.168.1.50, kuna mtu aliiandika kwa mkono. Kompyuta zilizotoka ofisini huja nayo. Kwenye Properties za waya, ndani ya IPv4, irudishe ijichukulie namba yenyewe.

Namba ni sahihi lakini kurasa hazifunguki? Kwenye lile dirisha jeusi andika ping 8.8.8.8, kisha ping google.com. Namba ikijibu na jina likigoma, kinachosumbua ni DNS tu, huduma inayogeuza majina ya tovuti kuwa namba: kwenye IPv4 hiyo hiyo ya ile ya mezani, andika 8.8.8.8 sehemu ya DNS. Zote zikigoma, jaribu kufungua ukurasa kwenye laptopu yenyewe kabla ya kuhangaika zaidi. Pengine bando limeisha.

Na bando ndilo lililonifundisha jambo la mwisho. Ya mezani haijui kwamba mwisho wa ule waya kuna simu, kwa hiyo hupakua masasisho bila huruma. Ingia Settings, Network, Ethernet, uwashe "metered connection" (muunganisho wenye kikomo cha data) siku hiyo hiyo unayounganisha. Sisi tulichelewa, na GB za wiki nzima ziliondoka usiku mmoja tukiwa tumelala.